Usilichimbue Kaburi la Hester

Pisga, kando ya mto Trinity, Texas
Oktoba 1868

Kwa shemeji Dicey,

Salamu nyingi. Natumai mzima, wewe na watoto, na lile goti lako limetulia. Mimi mzima, ila mkono wa kushoto haukunjiki tangu Agosti. Naandika mwenyewe, kwa hiyo univumilie. Barua hii anakuletea mhubiri wetu mkononi. Ukimaliza kusoma, itie motoni.

Umesema baada ya mavuno unakuja na gari la nyumbu kumchukua Hester, akalale na mama yenu. Ngoja kwanza nikwambie.

Tuko nyumba ishirini na moja hapa. Ardhi ya tope, hakuna mzungu aliyeitaka mpaka tulipoikausha. Hester alikuwa akinitania eti nimemtoa kwa bwana nikampeleka kwa vyura. Mwaka huu pamba ikatoka. Ndipo akaja Burrell Tate, mtoto wa yule yule bwana aliyetumiliki. Akasema turudi kwao, watu weusi hawajui kukaa peke yao. Hester akamjibu mbele ya watu kwamba asiyejua ni yeye, maana tangu tuondoke hata shati lake halijafuliwa. Watu wakacheka. Tate hakucheka.

Jumapili moja ya Agosti wakaja watu tisa, magunia usoni, sisi tuko kanisani. Wakawasha paa. Hester alitoka wa kwanza, amebeba mtoto wa jirani. Risasi ikamwingia shingoni. Mtoto alipona. Nikamrukia aliyepiga, wenzake wakanivunja mkono kwa kitako cha bunduki. Gunia lilikuwa limemtoka usoni. Tate.

Tulimzika siku ile ile. Juu nikaweka vitu vyake vya mwisho kama kawaida yetu, kikombe alichonywea asubuhi, bakuli, taa, vyote nimevivunja ili asimvute mwingine kaburini. Unajua vyombo vya kaburini havigusi mtu.

Jumanne mchana Tate akaja peke yake, amelewa. Wengine wako shambani. Mimi niko kaburini na sepetu, nasawazisha udongo. Akaniuliza vyombo hivyo ataosha nani, marehemu? Akakipiga kikombe teke. Akavua shati, akalitupa juu ya kaburi, akasema sasa Hester ana nafasi, amfulie.

Shemeji, nilimpiga na sepetu. Mkono mmoja. Alitaja jina langu mara moja tu. Sikuacha mpaka uso ukaisha.

Cato, jirani yangu, alisikia akaja. Akashika jembe. Udongo ulikuwa bado laini. Tukachimba, tukamtia na shati lake juu ya Hester, tukafukia. Vyombo tukavirudisha kimoja kimoja, kwa mikono yetu. Farasi wa Tate tukamfukuzia mtoni.

Alhamisi wenzake Tate wakaja na mbwa. Mbwa wakaenda moja kwa moja kaburini, wakakwaruza. Mwenye mbwa akawavuta, akawatukana, akasema wajinga hawa wananusa yule mwanamke wa Jumapili. Si walimuua wenyewe, walijua nani yuko pale.

Wakamkamata Cato. Shati lake lilikuwa na damu. Langu nilikuwa nimelichoma, yeye alikuwa nalo moja tu. Akawaambia amechinja nguruwe. Nguruwe, Agosti. Hata mtoto anajua tunangoja baridi, nyama isioze. Wakamfunga nyuma ya farasi, wakamburuta mpaka kwenye mti wa mwaloni. Kila wakisimama wanamuuliza Tate yuko wapi. Akasema hajui. Mpaka kamba inapanda, hajui.

Mimi nilisimama na wenzangu, kofia mkononi. Ningesema, nyumba zote zingeungua. Ndivyo ninavyojiambia. Mke wake huniletea mkate wa mahindi kila Jumamosi, ananihurumia eti sina wa kunipikia. Naula.

Kwa hiyo njoo, lakini jembe liache nyumbani. Leta kikombe cha mama yenu, kiweke pale. Vile vingine usiguse.

Kumuua hakuniumi. Linaloniuma ni hili: Hester alikaa miaka ishirini chini ya akina Tate, na mimi mumewe ndiye niliyemrudisha chini ya Tate.

Wabusu watoto. Waambie mjomba wao Ransom anapanda viazi vitamu, wakija watakula.

Ni mimi shemeji yako,
Ransom, mume wa Hester