Makomamanga ya Buluu

Mtaa wa Wafumaji,
Margilan.
14 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Zulhumor,

Leo nakueleza yote, hata lile ninaloogopa kuliandika. Lakini kwanza salamu. Hujambo huko Korea? Mgongo umepona, au kiwandani bado mnasimama kutwa? Sisi tu wazima. Bibi anakuombea kila baada ya sala, na amekuwekea aprikoti kavu ambazo hataki tuziguse.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu kundi zima la ukoo lingesoma. Jirani yetu Gulchehra anarudi huko Jumamosi. Yeye ndiye atakayekuletea.

Bila shaka umeona ubishi wa akili mnemba ulivyojaa mtandaoni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba katika mjadala unasikiliza kwanza, kisha unauliza, ndipo unajibu. Huko hakuna anayeuliza. Wiki iliyopita ilizagaa picha ya kitambaa cha hariri cha atlasi, isiyo na jina la fundi. Wanaoisifu akili mnemba waliandika, "Tazameni, mashine imeshawapita wafumaji!" Wanaoichukia wakajibu, "Tazameni, imeanza kuwaibia wafumaji!" Wakatukaniana mpaka wazazi. Na wote, Shangazi, walikuwa wanatazama kitambaa cha Baba.

Ushahidi wao ulikuwa nini? Eti kingo za rangi zina ukungu. Ukungu ule ndio fahari ya Baba, maana hutokea nyuzi zikifungwa na kuchovywa rangi kwa mkono. Tena eti makomamanga ni ya buluu. "Mashine haijawahi kula komamanga," mmoja aliandika, na watu wengi wakacheka naye.

Nikaandika kwa adabu kwamba aliyekifuma ni baba yangu. Mmoja akanijibu, "Mtoto, kamalize hesabu zako kwanza." Mwingine akasema, "Huyu naye ni mashine, ana adabu mno!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Hata hivyo mwanamke mmoja aliniuliza nyuzi hufungwaje, nikamweleza, akashukuru. Bado naurudia ujumbe wake kuusoma.

Jana alikuja Mama Saodat, aliyeagiza atlasi ya harusi ya binti yake. Chai hakuigusa.

"Jirani, mimi nakuamini," alimwambia Baba. "Lakini kitambaa kitatandazwa mbele ya wakwe, na kila mkwe ana simu. Wakisema nimewapa kitu cha mashine, uso wangu nitauficha wapi?"

"Basi, dada, tafuta kwingine," Baba akasema. Hakugomba.

Nilimsihi tuwajibu watu wale. "Niwajibu nini, binti yangu?" akasema. "Mbona hawajaniuliza kitu?"

Leo asubuhi amefunika kitanda cha kufumia kwa shuka, akampigia rafiki yake kuuliza kazi za ujenzi kule Urusi. Mama anapika huku anafuta macho, na anasingizia vitunguu.

Sasa lile ninaloogopa. Baba amefuma makomamanga ya buluu mara moja tu maishani: kitambaa alichokupa kukuaga ulipokwenda Korea, kwa kuwa utotoni uliyachora hivyo ukachekwa. Hajataja jina lako. Aliikuza ile picha kwenye simu, akaitazama mpaka chai ikapoa. Mimi naamini aliyeiweka aliiweka kwa kujivunia, kisha kelele zikamtisha.

Mbusu mwanao Nigina mashavu yote mawili. Bibi, Mama na mdogo wangu Aziza wanakusalimu sana. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mtoto wa kaka yako, anayekukumbuka kila siku,
Oydin

Tafadhali nipigie siku hiyohiyo utakapoisoma, kabla Baba hajakata tiketi: picha ile uliiweka wewe, Shangazi, na kama ni wewe, utaandika hapohapo, kwa jina lako, kwamba kitambaa kile alikifuma kaka yako?