Matairi ya Rogath ya kupeleka posa

Kornelia uko wapi, acha kazi usome hii.

Si unajua leo kaka Rogath alikuwa anapeleka posa kwa kina Clara, Nangara? Ile Noah yake inayovuta kwa matairi yote manne kaifunga mapya mawili mbele, makubwa kuliko ya nyuma. Eti wakwe wataangalia gari linavyoingia.

Basi limeingia. Kukata kona tu uani, likaanza kulia na kurukaruka kama mbuzi anayegomea kamba. Likazima. Moshi chini. Wazee wetu wamo ndani ya gari na suti zao.

Baba Clara naye ana Noah kama hiyo. Akazunguka nyuma taratibu, akachuchumaa.

"Kijana, mbele umevaa viatu vya harusi, nyuma ndala. Yanavutana hayo. Umeshaua difu, gia za kugawa nguvu kwenye matairi."

Rogath jasho. Kornelia, JASHO.

"Sasa mtu anayejali mbele tu, nimpe binti?"

Mshenga wetu kainama anatazama viatu vyake.

Clara katokea jikoni na trei ya chai. "Baba, mwache aingie. Hata mimi nilimkagua mbele tu."

Mzee kacheka mpaka kashika boneti.

Posa imepokelewa. Noah imebaki ukweni.