Fyuzi si Kawaya Tu

Baba,

Leo ni Jumatano na nimekasirika. Ningeandika kwenye daftari langu kama kawaida, lakini hasira hii inakuhusu wewe, acha uisome mwenyewe.

Tangu tukuzike, duka la kutengeneza redio analo Baba Mdogo. Wewe ndiye uliyemwachia funguo. Mimi uliniachia kipimo cha umeme, nikapime nini, sufuria?

Wiki jana mtu wa Minago alileta amplifaya ya harusi, haiwaki. Fyuzi ilikuwa imekatika. Baba Mdogo hakuuliza kwa nini. Alichuna waya, akatoa uzi mmoja wa shaba, akaufunga pale pa fyuzi. Nikamwambia ni hatari. Akacheka mbele ya wateja: "Wewe mutoto wa shule, fyuzi si ni kawaya tu? Iko inaimba, unataka nini tena?"

Iliimba, Baba. Iliimba mpaka bibi harusi alipoingia, halafu moshi. Leo yule mtu kairudisha kwenye baiskeli, akiuliza soko zima kama huyu kweli ni mdogo wako. Baba Mdogo akasema umeme wa Rumonge ndio mbaya.

Nimeichukua na kuifungua hapa nyumbani. Uzi wa shaba ni mzima, unang'aa; fyuzi ya kweli ingekatika kwanza na kuiokoa mashine. Transfoma ndiyo iliyoungua. Mwenye mashine kaniambia alikuwa ameunganisha spika nne mahali pa mbili, mzigo mkubwa mno. Angeulizwa mapema, angesema.

Unakumbuka ulivyonitega kwa ile fyuzi ya kioo? Nilitazama uzi ndani, nikasema nzima. Ukasema, "Macho yako yamesoma sana. Zima, itoe, pima." Kipimo hakikulia hata kidogo: ilikuwa imekatika mahali pasipoonekana. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kama hukutaka niitwe fundi, Baba, ulinifundisha ya nini?

Mama anasema, "Mwache, ni baba yako mdogo." Nimemwacha. Na sasa watu wa Minago wanakucheka wewe, si yeye.

Basi sikia. Kesho nakwenda dukani. Baba Mdogo aongee na wateja, kuongea anajua. Lakini hakuna mashine itakayotoka kabla sijaipima. Akikataa, naweka meza yangu nje ya mlango, na ukoo useme utakavyo. Transfoma ya yule mtu nimeahidi kuitafuta mimi.

Pumzika, Baba. Ijumaa nitakuja kaburini kukuombea dua. Sijui kama hasira itakuwa imeisha, lakini nitakuja.

Fundi Mwajuma,
binti yako