Ulipita Nikiwa Kwenye Foleni

Mtani wangu Chilumba,

Sijui nikuite Chilumba au nikuite Gaspari. Jina hilo la pili bado linanikwama kooni, maana ni langu, na wewe umelichukua ukaondoka nalo. Juzi nimepita makaburini nikaliona kwenye msalaba wako, limeandikwa kwa rangi nyeupe, GASPARI. Nikashtuka kama mtu aliyeona kaburi lake mwenyewe. Halafu nikakasirika. Nakuambia ukweli, nilikasirika. Umekufa na bado unanichokoza.

Padre ndiye aliyenituma nikuandikie. Nilikwenda kuungama kwake, nikamweleza yote, akasema nikamwombe msamaha niliyemkosea. Nikamwambia, Padre, huyo amekufa. Akanitazama, akasema, "Kwani wewe Gaspari unaamini nini hasa?" Basi nimekaa hapa barazani na kalamu ya mtoto.

Habari za huku kwanza. Mvua zimechelewa. Shamba la kijiji tumelipalilia wiki nzima, na mwenyekiti amelalamika kwamba tangu uondoke hakuna wa kuimbisha watu wakati wa kulima. Pale ghalani bandarini nafasi yako amepewa kijana mmoja, ana nguvu, lakini gunia la korosho analibeba kama amebeba mgonjwa. Wewe ulikuwa unalirusha begani huku unanitukana. "Mngoni, babu zako walikula mihogo ya babu zangu bila kubisha hodi, leo beba!" Na ghala zima linacheka. Utani wetu uliutangaza mwenyewe siku ya kwanza tu tulipokutana. Ulisema watu waliopigana zamani lazima wataniane, la sivyo watapigana tena. Mimi nikakujibu kwamba sitaniani na mla panya. Ukacheka mpaka zile chale za usoni mwako zikakunjamana.

Watu walikuita Mmawia, yaani Mmakonde wa ng'ambo, na hawakusema kwa wema. Ulivuka Ruvuma na vita mgongoni. Kule kwenu walipopata uhuru wenzako wakarudi, wewe ukabaki, ukasema umeshapanda mikorosho na mikorosho haibebeki. Kanisani hukuwa unaingia. Jumapili ulikuwa unakaa nje, chini ya dirisha, unanisubiri nitoke tukacheze bao. Nikadhani ni bao tu. Sikujua kuwa ulikuwa unasikiliza.

Mpaka siku ile tunarudi, ukaniuliza, "Mtani, yule mwizi aliyetundikwa pembeni ya Yesu, alibatizwa lini?" Nikasema hakubatizwa. "Alifundishwa dini muda gani?" Nikasema hakufundishwa. Ukasema, "Basi hata mimi naweza." Ukaanza kupiga mluzi.

Hujui mluzi ule ulinifanya nini.

Mimi, Chilumba, nilizaliwa ndani ya dini. Kule kwetu Songea nimechapwa fimbo na mwalimu wa misheni kwa kukosea sala za Kilatini, lugha ambayo hata yeye hakuijua. Nimefunga kila Kwaresima. Ni mzee wa kanisa, nafagia, nagonga kengele, nasimamia michango. Na siku zote hizo sijawahi kulala nikiwa na uhakika kwamba Mungu ananitaka. Hata siku moja. Kila nikifumba macho naona hesabu ya makosa yangu. Wewe umekaa chini ya dirisha, umesikia habari ya mwizi, umeamini, unapiga mluzi. Nilikuonea wivu palepale njiani, mchana kweupe, kama mwanamke anavyomwonea wivu mke mdogo. Nikasema moyoni, huyu atapewa bure kitu ambacho mimi nimekitolea jasho bila kukipata?

Ulipoomba mafundisho nilikuambia darasa limejaa. Halikuwa limejaa. Ulipoomba tena nikakuambia lazima kwanza ujue kusoma. Ukaenda elimu ya watu wazima, ukakaa na kina mama, ukajifunza kuandika jina lako, ukaja kunionyesha. Nikakuambia, bado.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Asubuhi ile tumbo lako lilikuwa limejaa maji, zahanati wamekurudisha, umelazwa kwenye kitanda cha kamba hapo barazani kwako. Nilikuja na mke wangu Bibiana. Ukanishika mkono. Ukasema, "Mtani, nibatize wewe." Na mimi nilijua kwamba ningeweza. Mzee wa kanisa yeyote anajua, mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, maji kidogo na maneno yake, basi. Nilikuwa nimewafundisha wengine jambo hilo kwa mdomo wangu. Maji yalikuwa kwenye mtungi, hatua chache tu kutoka nilipokuwa.

Nikasema, "Hapana, ngoja nimlete Padre. Mambo yafanywe kwa utaratibu."

Nikapanda baiskeli. Na hapo kila mtu akanisifu, angalia Gaspari anavyompenda mtani wake.

Kufika mjini, nje ya duka la ushirika nikaona foleni. Sukari imekuja. Chilumba, niliegemeza baiskeli ukutani nikapanga foleni. Nilijiambia watoto wamekunywa chai ya chumvi mwezi mzima. Kweli walikuwa wamekunywa. Lakini sikupanga kwa ajili ya sukari. Nilipanga kwa sababu nilitaka na wewe upange. Nilitaka ungoje kidogo, uone mlango unavyokuwa ukiwa umefungwa, kama nilivyouona mimi miaka yote. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akaniuliza, "Baba, mbona unaangalia sana barabara, una haraka?" Nikamwambia sina.

Nilipopata sukari yangu nikaenda parokiani. Mpishi akaniambia, "Pole, Mzee. Padre ametoka sasa hivi tu, kaenda Mikindani."

Nimerudi na sukari. Nimekuta umefunikwa.

Bibiana alikuwa amekaa karibu na kichwa chako, kata ya maji mapajani. Akaniambia, "Nimembatiza. Alikuwa anaondoka, nisingeweza kungoja. Nikamuuliza unataka jina gani, akasema, la mtani wangu." Na unajua nilimjibu nini, mbele ya mkeo anayelia? Nilisema, "Jina langu? Kwa ruhusa ya nani?"

Bibiana akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Kisha akakufunua uso, akasema, "Mwangalie." Nikaangalia. Ulikuwa umelegea, umetulia, kama mtu aliyetua gunia. Nikakuonea wivu ukiwa maiti.

Mazikoni ukaja mzaha mbaya kuliko yote. Mtani ana haki yake, wewe unajua. Jeneza lilipofika karibu na kaburi nikaruka mbele, nikalala njiani, nikapiga kelele. "Hapiti mtu hapa! Huyu Mmawia ni mwizi! Kaiba jina langu! Hajui hata Nasadiki, hajachangia hata tofali moja la kanisa, leo anataka kupita mbele yetu? Arudishwe nyuma ya foleni!" Watu wakacheka mpaka wakashikana. Wazee wakasema, huyo ndiye mtani, hivyo ndivyo anavyozikwa mtu. Mkeo akacheka katikati ya machozi. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa sikuwa natania. Nilikuwa nasema yaliyomo moyoni, na mila ikanifichia. Nikainuliwa, nikafutwa mavumbi, nikapewa pole.

Baada ya arobaini mkeo, Mama Sikujua, alikuja nyumbani. Akasema, "Shemeji, na mimi na mwanangu Sikujua tunataka kubatizwa. Tunaomba wewe uwe msimamizi wetu, maana ulimpenda sana." Nikamwambia inabidi amalize mafundisho yote, kitabu kizima, maswali yote. Akauliza kwa upole tu, "Mume wangu alikuwa anajua maswali mangapi?" Akaaga akaenda. Usiku huo Bibiana hakunipa chakula.

Hapo ndipo nilipokwenda kuungama. Nilidhani Padre atanipa rozari nyingi nizimalize nirudi nilivyokuwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Gaspari, wewe unadhani unalinda mlango. Kumbe nawe uko nje, umekaa kizingitini, unawakwaza watu wanaoingia." Nikamwambia, Padre, nimefanya kazi nyingi. Akasema, "Najua. Nani alikuambia ni mshahara?" Nikalia kama mtoto. Maana kama si mshahara, basi hata mimi ninaweza kupewa. Hilo sikuwahi kuliwaza, Chilumba. Nilikuwa nimejishughulisha na nani asipewe.

Nikaenda kwa mkeo. Alikuwa anatwanga kisamvu. Nikamwambia yote, foleni, sukari, ile haki ya mtani. Aliendelea kutwanga, halafu akanyanyua mchi. Nikadhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akasema, "Toka kwangu, Mngoni." Nikatoka.

Wiki mbili hakunisalimia. Tukikutana kisimani anageuza uso. Nilikuwa nikimjazia ndoo yake, naye anaimwaga anateka upya. Majuzi hakuimwaga. Alijitwika, akapiga hatua, akasimama bila kugeuka. "Utatufundisha sala ngapi?" Nikasema, "Utakazotaka, shemeji. Hata moja." Akasema, "Nimesamehe nusu. Nusu nyingine ningoje." Nikasema nitangoja.

Sitakudanganya, wivu haujaisha. Jana tu Sikujua ameniuliza kama Mungu anajua Kimakonde, nikamjibu anajua, akafurahi akakimbia, na mimi nikabaki nimesimama namwonea wivu mtoto kwa kuridhika haraka namna hiyo. Labda nitakufa nao. Lakini nimeanza kuomba sala fupi kama yako, bila hesabu, na kuna siku, si kila siku, nalala.

Nisamehe, mtani. Ulinyoosha mkono nami nikaushika halafu nikauacha. Jina baki nalo, nimekupa, sasa ni kwa ruhusa yangu.

Na hii ndiyo ahadi. Jumapili baada ya Pasaka mkeo na mwanao wanabatizwa. Padre atauliza nani anawasimamia. Nitasimama nyuma yao, nitaweka mkono wa kulia begani mwa Mama Sikujua, na akiutikisa kuuondoa, nitauweka tena taratibu. Padre akiuliza kama wako tayari, sitasema bado.

Pumzika, ndugu yangu. Niombee.

Ni mimi mtani wako,
Gaspari