Saba ya Nthenya

Jumatatu, 1 Februari 1993

Leo nimekuwa mwalimu. Kweli! Mimi, B.A. yangu ya sosholojia, na darasa la kwanza zima hapa Matinyani, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Hedimasta, Bwana Mbuvi, alinitambulisha gwarideni: huyu ametoka yunivasiti. Halafu kando, kwa upole, akanikumbusha kwamba sijapitia chuo cha ualimu. Nifundishe muhula huu, kisha kamati ya wazazi itasema kama wananitaka. Baba kule Kikima amewaambia majirani niko “idara ya elimu.” Si uongo sana.

Nikaanza kwa Kiingereza safi. Hakuna aliyeelewa neno! Mwalimu Kalondu wa darasa la pili alichungulia dirishani akacheka mpaka akashika ukuta. Hapa madarasa ya chini wanafundishwa kwa Kikamba, kwani sikuambiwa? Hotuba yangu nzuri nimerudi nayo nyumbani.

Jumanne, 9 Februari

Sauti imeisha. Chaki mpaka kwenye chai. Lakini hesabu inaenda! Tunahesabu vifuniko vya soda. Kuna msichana wa mbele, Nthenya, ana pengo la meno mawili — akipata jibu hawezi kulisema akiwa amekaa, lazima asimame. Leo amewahesabia wenzake mpaka ishirini, darasa zima likampigia makofi. Nilifurahi kuliko siku niliyovaa joho. Sikutarajia.

Vifuniko vimenichosha, kwa hivyo nimewapa kazi ya nyumbani ya maisha yenyewe. Kila mtu ahesabu mbuzi wa kwao na watoto wa kwao, aandike daftarini. Nilijiona mjanja!

Jumatano, 10 Februari

Karibu wote hawakuandika. Wamekatazwa nyumbani, basi. Ni Nthenya peke yake: watoto 7. Ameichora kubwa, imejaa ukurasa. Mbuzi hakuweza, susu wake — nyanya yake mzaa baba — alimfukuza zizini. Nikampigia tiki ndefu nyekundu. Vizuri sana!

Nilipomsimulia Kalondu, hakucheka. Aliniuliza, “Mumbua, wewe ni Mkamba ama ulizaliwa huko huko yunivasiti?”

Nikakumbuka palepale. Watoto na mifugo hawahesabiwi. Ukihesabu, unaita kitu kije kipunguze. Baba yangu mwenyewe sijamsikia akisema ana mbuzi wangapi. Jioni husimama mlangoni mwa zizi, anawatazama wakiingia, anawajua kwa sura, na yule aliyebaki nyuma humjua kwa jina. Mimi najua haya! Nimeyaandikia insha ndefu nikapata A. Kila mahali nikaandika “wao wanaamini.” Wao!

Ijumaa, 12 Februari

Nthenya hakuja. Mutiso, kitinda mimba wao, amelazwa mjini. Surua. Hata kutembea bado.

Surua iko kila mahali mwezi huu, mpaka Kanyangi. Lakini sokoni wanasema huyu alihesabiwa. Nilienda kununua sukari, wanawake wakanigeuzia mgongo.

Bwana Mbuvi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu niende kwa kina Nthenya kabla kamati haijaitana.

Jumapili, 14 Februari

Nimeenda baada ya kanisa. Mama yuko hospitalini na mtoto. Baba, Bwana Kivuva, ni mzee wa kanisa. Alinipa kiti, akasema ugonjwa ni ugonjwa, wameomba, Mungu yuko. Halafu mama yake, yule susu, akatoka jikoni, na sauti ya Bwana Kivuva ikashuka.

Susu hakunipa mkono. Alisema amesikia nimesoma sana. Nikaanza — Mungu wangu, kwa nini sikunyamaza! — nikaanza kumweleza habari za chanjo na jinsi surua inavyoambukiza. Aliniacha nieleze yote.

“Umemaliza?”

Nimemaliza, susu.

“Basi ile namba uitoe. Ni wewe ulimtuma mtoto, na ni wewe uliifurahia na kalamu. Sema ni makosa. Ukikataa, huyu msichana hatarudi kwako.”

Nthenya alikuwa amesimama nyuma ya nguo za susu, hajaniangalia hata mara moja. Nilisema nitafikiria. Njiani nikalia. Kazi naitaka sana, sasa najua. Lakini yule mtoto anadhani ni yeye aliyemuua ndugu yake, na ndugu mwenyewe bado hajafa. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumatatu, 15 Februari

Breki ya saa nne. Naandika haraka, nikijifanya nasahihisha.

Nthenya amekuja. Hakutoka kucheza na wengine. Ameniletea daftari likiwa wazi kwenye ukurasa ule ule. “Mwalimu, susu amesema uweke makosa.” Hospitalini hakuna habari tangu juzi.

Kitu kidogo, si ndiyo? Mistari miwili. Nyanya atalala, kamati itatulia, Nthenya atabaki darasani. Wino hauui mtu wala haumponyi. Miaka mitatu nilikaa yunivasiti, angalau hilo nalijua.

Nikatoa kalamu nyekundu. Nthenya akasogea, akauliza kwa sauti ndogo:

“Ukiikata, mwalimu, tutakuwa sita?”

Nikaiweka kalamu mezani. Nikiikata na Mutiso aende, ni mimi nitakuwa nimemtoa. Nisipoikata na aende, ni mimi niliyemwita. Ona navyofikiri! Hakuna tena “wao.” Ninaogopa, kama susu anavyoogopa, na simwoni tena kuwa mjinga.

Nimemuuliza yeye anataka nifanye nini. Amesema hajui. Kisha amesema kwamba usiku alijaribu kuhesabu kwa kurudi nyuma, ili ndugu zake wasiwe wamehesabiwa, lakini kila mara akifika kwa Mutiso anaanza upya.

Kengele imelia. Wanaingia wakisukumana, vumbi tele. Nimemwambia Nthenya akae. Hakai. Ameweka kiganja juu ya ile saba, ameifunika yote, na anaitazama kalamu yangu.