Tata, Kashaija Amehamia Ndama

Tata,

Shikamoo. Najua marahaba yako, baba yangu, sitaisikia, lakini kuanza bila salamu siwezi. Ungeniambia nirudi nje niingie upya, kama ulivyokuwa ukinifanyia nilipotoka shule nikiwa na haraka ya kula.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Tungekuwa tumekaa pamoja tungesema Kinyambo chetu, ila kuandika nilifundishwa hivi, na aliyetaka nifundishwe ni wewe. Mchana huu nyumba imetulia. Mtoto amelala. Ndiyo, Tata, kuna mtoto. Alizaliwa baada ya wewe kuondoka. Ni wa kiume na ana masikio yako, yale ya kusimama. Mama mkwe anasema atasikia hata mambo yasiyomhusu.

Nataka kukuambia habari za Kashaija, kwa sababu karibu nimpoteze, na pamoja naye nafasi ya mjukuu wako Koku ya kusoma.

Siku ya mazishi yako hakuna aliyekumbuka kuzuia maji yanayomwendesha Kashaija. Mchungaji anaomba, sote tumeinamisha vichwa, na kule bondeni Kashaija anagonga debe lake kama kawaida: ngwaa! Mchungaji alipandisha sauti, akaendelea. Ngwaa tena. Shangazi akashika kichwa, akasema, "Jamani, huyu hajaambiwa kwamba bwana wake amekufa?" Wengine walilia, wengine waliogopa. Mimi nilicheka, Tata. Nilificha uso kwenye kanga nikacheka na kulia kwa pamoja, kwa kuwa niliona ungecheka.

Baada ya matanga wakagawana vitu. Nyundo na mvukuto alichukua kaka Zakaria, ni haki yake, yeye ndiye anayejua kufua chuma. Lakini Kashaija walitaka kumchoma. Walisema kinyago kinachoinua mkono wakati aliyekichonga yuko kaburini si cha kukaa nacho karibu. Nikasema, "Basi nipeni mimi." Zakaria akanitazama. "Utampeleka wapi?" "Kwangu, Ndama." Akasema nichukue, ila nisije nikamrudisha.

Tulimbeba mimi na Baba Koku, tumemfunga kwenye mkeka, miguu inachungulia nyuma. Njia nzima watu walitupa pole. Mmoja akauliza, "Mgonjwa huyo mnampeleka hospitali gani?" Baba Koku akajibu, "Haumwi, ni mvivu tu, tunampeleka kazini." Ungempenda zaidi mkweo siku ile.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa mdogo kama Koku alivyo sasa. Kila mtama ulipojaza punje, kazi yangu ilikuwa kukaa shambani tangu alfajiri, nikipiga kelele na kurusha mawe. Wenzangu walipita na vibao vyao vya kuandikia, nami nawatazama kutoka juu ya kichuguu. Siku moja ulinikuta nimechora ardhini kwa kijiti herufi nilizoziona kwenye kibao cha mtu, ndege wamejaa kwenye mtama nyuma yangu, wala sina habari. Nilijua nitachapwa. Wewe ulizitazama zile herufi, ukaenda zako.

Kisha ukaanza kuchonga. Mwili wa mti, mabega ya chuma. Maji yaliletwa kwa mwanzi kutoka kijitoni, yakaingia kwenye kibuyu kinachoning'inia, kibuyu umekitoboa chini, yakatiririka ndani ya kihori, mfano wa kile cha kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini kidogo. Kihori kikijaa kinainama na kujimwaga, kamba inanyanyua mkono. Kikiwa kitupu kinarudi, mkono unaanguka, rungu linatua kwenye debe. Ukamvika kofia yako iliyochakaa. Mama alimwita Kashaija, kibwana kidogo, na kila asubuhi alimsalimu kwa dhihaka: "Kashaija, umeamkaje? Wewe angalau hudai chakula." Nami nikaenda shule, hadi darasa la nne.

Jioni zile ulinisimulia juu ya ng'ombe wa chuma. Ulisema mhunzi wa zamani, wa ukoo wetu, alimfulia mfalme, Omukama, ng'ombe aliyelala mlangoni pa ikulu, hali majani, hanywi maji, na adui akikaribia hulia kwa sauti ya nyundo. Nilikuuliza alikula nini. "Makaa," ukasema. Nikauliza kama alikuwa na maziwa. Ulikuna kidevu. "Hapo, mwanangu, wahunzi tulishindwa."

Sasa sikiliza yaliyotokea hapa.

Tulimsimamisha kando ya kijito chetu, chini ya kibanja cha migomba, mahali tulipopanda mtama. Nilikumbuka kila kitu. Mwanzi, kibuyu, kihori, kamba. Siku ya kwanza aligonga vizuri, ndege wakaruka wote kama kitambaa kinachokung'utwa. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, Koku hatakosa shule." Maana hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mimi nina mtoto mgongoni na kahawa ya kuchuma, Baba Koku yuko kwenye kazi ya barabara, na mama mkwe macho yake hayaoni tena ndege. Aliyebaki ni Koku. Na mwalimu alikuwa amesema wazi: watoto ni wengi, madawati machache, anayekosakosa wakati wa ndege nafasi yake atapewa mwingine.

Wiki haikuisha. Nikashuka nikawakuta ndege wametua kwenye mtama wanakula. Rungu likashuka, wakaruka juu kidogo tu, wakarudi. Tena na tena hivyo. Walikuwa wamekwisha kumjua! Wanakula, wanaruka kabla debe halijalia, wanatua, wanaendelea. Mmoja alikuwa amekaa juu ya kofia yako, Tata, anajisafisha mabawa.

Mama mkwe akasikia. Ulimi wake unaujua. "Mke wa mwanangu ametuletea kisiki kutoka kwao, kisiki chenyewe kinafuga ndege!" Kisha akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kejeli: "Yustina, huyu mtoto ni wa kike. Mtama ukiisha tutakula herufi? Jumapili ikipita, Koku akae shambani." Koku alisikia. Hakulia. Alikwenda akakitundika kibao chake ukutani, pale pa juu ambapo yeye mwenyewe hapafikii.

Mwalimu wake ni kijana kutoka Muleba, Mlutheri kama sisi. Nilimwendea kumwomba amvumilie Koku, akataka kumwona Kashaija. Alichuchumaa mbele yake muda mrefu anacheka kwa furaha, hata ndege wakamshangaa. Akaniambia hukuwa peke yako, Tata. Zamani sana mafundi wa Uarabuni walitengeneza vinyago vya kuwanawisha wageni mikono kwa nguvu za maji. Ulaya kuna saa kubwa ambazo watu wa shaba hutoka ndani yake kugonga kengele. Na siku hizi, alisema, wanaandika hadithi za watu wa chuma wanaotembea na kufanya kazi zote, na mafundi wanahangaika kuzifanya hadithi hizo ziwe kweli. Wanaitwa roboti. Nikamwuliza maana yake. Akasema jina limetoka kwenye lugha moja ya huko, ni kama kazi ya kulazimishwa.

Nikakukumbuka ulivyochukuliwa kubeba mizigo ya serikali, ukarudi na bega lililokatika ngozi. Bega lile lile la kushoto ambalo kwa Kashaija umelitia chuma kinene kuliko la kulia. Sikuwahi kuliwaza mpaka saa ile.

Mwalimu akasema katika hadithi hizo watu wa chuma hatimaye huwagomea mabwana zao. Nikamjibu, "Kama wamelazimishwa, wafanyeje?" Akacheka. Lakini juu ya Koku alisema lile lile: nafasi ni yake akiwepo, asipokuwepo si yake.

Jumamosi nilikwenda kuteka maji na mtoto mgongoni. Nikiwa na mtungi kichwani, tone moja likanidondokea shingoni, nikausawazisha upesi lisiponyoke lingine. Hapo nikasimama. Kibuyu!

Tata, nilikifunga. Tulipomsimamisha Kashaija niliona kibuyu kinayumba kwa upepo, maji mengine yanaingia kwenye kihori, mengine yanamwagika pembeni. Mikono yangu ya kuteka maji haikuvumilia. Nikakifunga kwa kamba huku na huku kisitikisike, hakuna tone linalopotea, nikajiona fundi. Ndiyo maana kihori kilijaa kwa mwendo mmoja siku nzima, na ndege wakajifunza mwendo ule kama watoto wanavyojifunza wimbo. Na hata Mama, siku moja kule nyumbani kwetu Kiruruma, alitaka kukifunga vile vile, nawe ukamwambia, "Kiache kipoteze. Akigonga sawasawa watamzoea. Mwache awe kama Yustina, mara yuko macho, mara anachora chini." Nilinuna siku ile nikidhani unanisema.

Niliweka mtungi chini nikazikata zile kamba kwa meno, maana kisu sikuwa nacho. Upepo ukakichukua kibuyu. Kashaija akagonga. Kisha akakawia, akakawia, ndege wakashuka wakatulia, wakaanza kula kwa raha, ngwaa! Kisha ngwaa nyingine papo hapo. Ungeona walivyopasuka angani! Nilipiga vigelegele peke yangu, mtoto akaamka akalia.

Jumapili baada ya ibada mama mkwe alishuka na fimbo yake akaketi kwenye jiwe. Hakuona ndege, alisikiliza tu. Alisubiri debe, likachelewa, akafungua mdomo ili aseme neno lake, ngwaa! likamkatiza. Akashtuka hata fimbo ikaanguka. Akasema, "Huyu ana tabia mbaya." Kisha, "Anafaa." Tulipopanda nyumbani aliniambia nikishushe kibao cha mtoto.

Wapo ndege wachache wanaokula, sikudanganyi. Nao wana watoto. Lakini mtama upo, na Koku yupo shuleni wakati huu ninapoandika. Jana alinisomea mstari mzima, kidole chini ya kila neno, akaniuliza kama babu angeweza kumtengenezea Kashaija wa kumbembeleza mdogo wake. Nilikuwa namnyonyesha. Nikamsimulia ng'ombe wa chuma mpaka pale wahunzi mliposhindwa. Akafikiri, akasema, "Labda hawakuuliza wanawake." Nimekuletea neno hilo ulicheke huko uliko.

Mimi sijui Ulaya watafika wapi na watu wao. Ninajua tu kwamba wewe ulibeba mizigo ya kulazimishwa, ukarudi, ukatengeneza kiumbe ili mtoto wako asikae juu ya kichuguu.

Sasa mtoto anajinyoosha, lazima nimalize. Nakuahidi, Tata: Koku atafika darasa nililoishia na kulipita. Huyu mwenye masikio yako naye atajifunza kukaza mabega ya Kashaija yakilegea. Na kibuyu sitakifunga, hata maji yapotee kiasi gani.

Lala vizuri, Tata. Mlango uko wazi nimsikilize Kashaija. Amenyamaza muda sasa, wala siogopi, upepo umepumzika kidogo. Nangoja tu.

Shikamoo, Tata.

Ngwaa.

Mwanao,
Yustina