Mayai ya Naliaka

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mayai manne. La Sista, la Madoa, la Shingo, na la mmoja wa wale kuku weusi wawili ambao siwezi kuwatofautisha. Moja lilikuwa bado moto, nikamwekea binti yangu Naliaka kwa shavu, akacheka ile cheko yake ya mdomo wazi. Kila asubuhi ni hivyo. Tunafungua banda, kuku wanatoka wakisukumana kama watu wameona chakula cha harusi, yeye anakaa kwa beseni lililopinduliwa na kuwagawia makombo ya chapati. Halafu anakula yai lake la kuchemsha. Hiyo saa moja ndiyo nzuri kwa siku yangu yote.

Bado haongei. Miaka miwili na miezi saba. "Mm" na "aa," basi. Mtoto wa jirani ni mdogo kwake na jana alinitukana na sentensi nzima.

Mume wangu Wafula amepiga simu kutoka Naivasha, huko anakofanya kazi kwa mashamba ya maua. Mama yake anakuja kesho. Hakuniuliza, ameniambia.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Kukhu amefika kutoka Webuye na mikungu miwili ya ndizi. Kukhu ni nyanya kwa lugha yao, na hata mimi nimemwita hivyo tangu mtoto azaliwe. Alikagua kuku kabla ya kukagua nyumba. Mti wa kulalia uko chini sana. Shingo ana viroboto. Akachanganya majivu na mchanga pale kwa ua, na kuku wangu wote wakaingia kuoga na kujitupa miguu juu kwa raha. Miaka miwili nimewafuga na sikujua hiyo.

Nimefurahi. Pia nimeona wivu.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Kukhu ameona yai. Alimshika Naliaka mkono kabla lifike mdomoni.

"Mama Naliaka, mtoto ambaye hajasema halishwi yai. Ulimi unashikana."

Nikamwambia ni nesi wa kliniki alisema nimpatie, moja kila siku, ni chakula cha nguvu. Akasema huyo nesi hakuzaa baba ya mtoto huyu. Yeye mwenyewe hajawahi kuonja yai maisha yake yote. Enzi zao mayai na kuku vilikuwa vya wanaume, wanawake walipika tu na kunusa. Na walizaa watoto wakaongea, wengine mpaka wakaitwa machifu.

Nilimaliza lile yai mimi, nikiwa nimesimama, mbele yake. Ilikuwa ujinga. Lilinikwama.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimeenda kwa viota, hakuna kitu. Kukhu ameamka mapema akachukua mayai yote, hata yale ya kwa sahani, akamwekea Madoa ayalalie. Kumi na moja. Jogoo ni wa jirani lakini kazi yake anafanyia kwetu, kwa hivyo yataanguliwa. Siwezi hata kulalamika. Ni kazi nzuri ameifanya, na ameifanya ili mtoto wangu asile.

Wafula kwa simu: nimsikilize mama, wiki moja si kitu.

Nimekubali. Hiyo ndiyo inaniuma. Nimekubali kwa sababu hata mimi naogopa. Kama ni kweli? Nimempa kwa mkono wangu, kila siku, nikimbembeleza amalize.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Siku ya nne bila yai. Naliaka anaenda kwa sufuria ndogo, anaangalia ndani, ananiangalia. Haelewi. Na mimi siwezi kumweleza, maana nikimweleza ni kama naongea na ukuta.

Majirani wamekuja kumsalimia Kukhu. Wote wamesema ni mayai. Hata yule ambaye hununua mayai kwangu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Hakuna neno. Wala yai. Baridi imezidi na mafua yake yamerudi. Sista ametaga chini ya mboga za sukuma, nikaficha hilo yai kwa mfuko wa aproni, halafu nikasahau nikainama.

Nimefua aproni nikilia.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Wiki imeisha. Nilidhani nimeshinda. Nilimwambia Kukhu, kwa heshima, Mama unaona, si mayai.

Akakubali. Akasema basi ni ile kamba ya chini ya ulimi. Kuna mama mzee nyuma ya soko, anaikata na wembe, ni dakika moja, mtoto analia kidogo halafu ulimi unafunguka. Ameshaongea naye. Jumatano asubuhi.

Nimempigia Wafula. Amesema mimi na mama tutaelewana. Nimekata simu bila kuaga, kitu sijawahi kumfanyia.

Nilimlaza Naliaka kwa mapaja mchana nikaangalia chini ya ulimi wake na tochi ya simu. Ni ulimi. Sijui nilikuwa natafuta nini. Niliachia shule darasa la nane, hawakutufundisha ndani ya mdomo wa mtoto kukoje.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Kanisani nimeomba Kukhu apate homa. Homa ndogo tu, ya siku nne.

Mungu anisamehe. Ameamka mzima kabisa na amepanda viazi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Niandike polepole.

Naliaka alikuwa amekaa kwa beseni lake akichora mchanga na kijiti. Shingo akatoka kutaga, akaruka juu ya kuni, hapo nyuma ya kichwa cha mtoto, karibu kumgusa, akaanza zile kelele zake. Shingo akitaga hupiga kelele kama mtu ameibiwa. Mimi niliziba masikio.

Naliaka hakupepesa jicho.

Nikasimama hapo na nguo zilizolowa mkononi. Nikachukua sufuria na mwiko, nikaenda nyuma yake, nikagonga. Wale weusi wawili wakaruka ua. Mtoto akaendelea kuchora. Nikagonga tena. Halafu akaona kuku wanakimbia mbele yake, ndipo akageuka na kucheka.

Nilikaa chini kwa tope.

Mara ngapi nimemwita akiwa amenipa mgongo, nikasema ana kichwa ngumu? Siku moja nilimchapa mkono kwa kukataa kuja. Hakukataa. Anakuja akiniona tu. Asubuhi zote hizo tukiwa na kuku, yeye alikuwa anaangalia midomo yao ikifunguka na kufungika.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Nimemwambia Kukhu asubuhi. Hakutaka kusikia. Mtoto anasikia, jana si alikuja alipomwita kula? Nikasema alikuona, Mama, ulikuwa umeshika sahani.

Alikasirika. Akafunga leso vizuri, akasema atanionyesha.

Alienda akasimama kwa ua, nyuma ya Naliaka, hatua nne hivi. Akaita kuku. Ana wito wake wa kwao, unatoka ndani ya koo, unafika mpaka barabarani. Kuku wote wakaja. Kutoka kwa sukuma, kutoka chini ya tangi la maji. Jogoo wa jirani akaja. Hata Madoa akaacha mayai, Madoa ambaye hashuki hata ukimsukuma.

Naliaka hakugeuka.

Kukhu akaita tena. Halafu akaita jina, Naliaka, Naliaka, kwa sauti. Halafu mara ya tatu pole pole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kisha akatafuta mahali pa kukaa.

"Kuku wamesikia," akasema.

Siku yote alikaa hapo. Hakula. Sijui amewaza nini. Kesho ni Jumatano.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Nilimkuta Kukhu ameshavaa, kitambaa cha kanisa kichwani, mkoba mkononi. Nikambeba Naliaka nikamshika na mikono miwili. Nikasema siendi soko.

"Nani ametaja soko?" akasema. "Hospitali inafunguliwa saa ngapi?"

Tumekaa kwa foleni mpaka saa nane. Daktari ni msichana, labda rika langu. Aliangalia masikio na kitochi kidogo, kushoto, kulia, kushoto tena. Amesema kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili, yamebaki humo kwa sababu ya mafua ya kila mara. Anasikia kama mtu aliyezama ndani ya maji. Amempa dawa ya mafua, turudi baada ya mwezi. Maji yasipokauka, atafanyiwa upasuaji mdogo wa kuyatoa. Kuongea kutakuja, lakini kutachukua muda, na lazima tumfundishe tukiwa mbele ya uso wake.

Kukhu akauliza kuhusu mayai. Daktari akataka kucheka, akaona Kukhu hacheki, akamjibu vizuri. Mayai hayana makosa. Ampe.

"Na ulimi?"

"Ulimi ni mzuri, nyanya."

Kukhu akamwangalia. "Mimi nilikuwa nimpeleke akakatwe. Leo."

Hakuna aliyemuuliza. Alisema mwenyewe, hapo mbele yetu wote.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Nina hasira bado na sijui niimwage wapi. Kliniki wamempima kilo mara nyingi sana, hakuna aliyepiga makofi nyuma ya kichwa chake. Wala mimi sikupiga. Kuku ndiye alipiga.

Nimemweleza Wafula yote kwa simu. Akaomba msamaha. Nimemwambia aje Jumamosi aombe akiwa mbele yangu.

Mayai matatu leo. Naliaka amekula moja lote na kunionyesha kiganja kitupu. Hiyo ilinifurahisha kwa muda mrefu.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Wafula amekuja. Ameomba. Nimemsamehe nusu.

Nilikaanga mayai na nyanya, nikasonga ugali. Kukhu hakuonja mayai, hilo halitabadilika, alichukua mboga. Akampakata Naliaka, akamgeuza wakaangaliana uso kwa uso, ndipo akaanza kuombea chakula.

Kukhu huomba sana, lakini kuna mahali hufika akasema amina. Leo Naliaka aliinua mkono akauweka kwa shingo yake, hapo sauti inapotoka. Hakuutoa. Macho yake yakawa makubwa.

Kukhu alisikia huo mkono. Sauti yake ilikatika kidogo, halafu akaendelea. Akatuombea sisi. Akaombea daktari. Akaombea ndugu wote wa Webuye, walio hai na waliokufa, majirani, hata yule mama wa nyuma ya soko. Wafula alifungua jicho moja akaangalia ugali unavyopoa. Nikamkanyaga.

Watu walipomwishia, na ule mkono bado uko shingoni, Kukhu akaanza kuombea kuku.